Nilivyowaaga Wanajimnastiki Wanne wa Romania Wakiwa Hai

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza, kwa sababu tulikimbia mauaji Burundi kwa miguu, mama amembeba mdogo wangu mgongoni na mimi nimebeba sufuria, na darasa la tatu nililoliacha siku ile sijalirudia mpaka leo. Siyasemi haya kutafuta huruma. Nayasema ili mjue kwamba anayewaandikia ni mtu aliyejifundisha kila kitu mwenyewe, kusoma, kukata kitambaa, Kiingereza, kuendesha gari, na mtu wa namna hiyo ana ugonjwa mmoja: hapendi kuuliza. Ugonjwa huo ndio ulionifanya mimi, mzee mwenye wajukuu, fundi cherehani anayesalimiwa na kila mtu hapa mtaani Rosettenville, Johannesburg, nisimame mbele ya umati nikiwaaga kwa machozi wanawake wanne waliokuwa nje wanatafuta pa kuegesha gari. Aibu yenyewe ni hiyo, nimeshaitoa, sasa cheka halafu nisikilize.

Kwanza mumjue Mama Domnica. Nilipofika Johannesburg nilishona miaka mingi kwenye kibaraza pale Marshalltown, mashine moja ya kuzungusha kwa mkono, kreti moja ya mteja kukalia. Siku moja akaja mama wa Kizungu, mfupi, mgongo umenyooka kama rula, akakaa kwenye ile kreti bila kuifuta na akatoa kwenye mfuko vinguo vya watoto vya kubana, vile wanavyovaa kwenye jimnastiki (mimi niliviita vya sarakasi, akanikemea), vyote vimefumuka kwenye kwapa. Mafundi watatu walishamwambia kitambaa kinachovutika hakishoneki. Mimi nikamwambia njoo kesho. Sikujua chochote! Nilikesha na jambo hilo kichwani, asubuhi nikaisugua ncha ya sindano kwenye jiwe mpaka ikawa butu kidogo, ili isikate uzi wa kitambaa bali ipenye katikati, nikashona huku nakivuta. Alivinyoosha vyote kwa nguvu zake zote mbele yangu, havikufumuka. Tangu siku hiyo ni miaka ishirini na zaidi, na karibu kila kitu nilicho nacho kimetoka kwenye vinguo vile, maana alikwenda kunitangaza kwa walimu wenzake mji mzima.

Na alikuwa mtu mkubwa, msimwone hivi. Ujana wake alikuwa kwenye timu ya taifa ya Romania. Watu wa umri wangu wanajua maana yake. Kule kambini Tanzania tulikokaa wakimbizi, redio yetu moja ya betri, tulikuwa tunasikia habari za wasichana wa Romania wanaopinduka hewani na kutua wima, nchi yenyewe hatukujua iko wapi, lakini tulijua kwamba wasichana wake wakipanda boriti dunia inanyamaza. Mama Domnica na wenzake walileta nyumbani medali ya fedha ya timu kwenye mashindano ya dunia. Mwenzake Tudora alichukua dhahabu ya peke yake kwenye boriti, kitu chembamba kama kiganja, yeye anarukia kichwa chini juu yake. Safta alianguka kutoka kwenye vyuma akavunjika kidole, akapanda tena akamaliza. Wa nne, Ruxa, alikuwa wa kuruka farasi (si farasi wa nyama, ni kifaa cha kurukia). Hadithi hizi nilikuwa nazijua kama za ndugu zangu, alinisimulia kila alipokuja kupima.

Hapa Rosettenville alikuwa na darasa lake la watoto kwenye ukumbi wa kupanga, watoto wa Kikongo, wa Kimsumbiji, wa kwetu, wengi hawalipi. Na jambo hili nililijua baadaye, ila nawaambia sasa ili muone niliharibu nini: Jumamosi ile niliyowaaga ndiyo siku Waromania wenye uwezo wa kule Randburg walikuwa wanakuja kuamua kama watambebea pango la ukumbi, au darasa lifungwe mwisho wa mwezi. Basi.

Sasa, ilikuwa wiki ya tatu sijamwona. Ukumbi una kufuli. Simu yake haipatikani. Nikapita kwake, pazia zimefungwa. Jumanne ikaingia picha kwenye simu yangu kutoka kwa Bwana Radu, mwenyekiti wa hao Waromania, ambaye niliwahi kumshonea suruali. Picha ya wasichana wanne, ya zamani, haina rangi. Mama Domnica nilimtambua kwa mgongo. Chini ya kila mmoja jina lake, na chini ya jina miaka miwili yenye kistari katikati. Ujumbe unasema nichapishe fulana arobaini za picha hiyo, ni kwa ajili ya Domnica na wenzake, Jumamosi saa nane ukumbini, nifanye kazi nzuri sana, na nisimwambie mtu yeyote hapa Rosettenville mpaka siku yenyewe.

Nikakaa chini.

Niambieni ninyi. Mtu amepotea wiki tatu. Uso wake kwenye fulana, jina, mwaka, kistari, mwaka. Hapa Johannesburg fulana ya namna hiyo nimechapisha mamia, na zote zilikwenda makaburini. Halafu usimwambie mtu! Kwetu kifo hakitangazwi ovyo, kinafichwa kwanza, wazee wakae, ndugu wa mbali wafike, ndipo mtu aambiwe. Nikasema kumbe hata Wazungu wana adabu hiyo. Wanne kwa pamoja, basi ni ajali, wenzake walikuwa wanakuja kumtembelea, gari limewaua njiani. Nililia palepale juu ya mashine, na mimi si mtu wa kulia.

Ninaye fundi mwenzangu, Byamungu, wa Bukavu, mtu wa maneno mengi. Akaishika simu akaikodolea.

"Papa Fundi, mbona hii miaka haiko sawa? Kati ya huu na huu ni miaka sita. Huyu mama alikufa na miaka sita?"

"Nyamaza, mtu amekufa."

"Mi nanyamaza, Papa. Lakini uliza."

Hapo sasa. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Kubonyeza simu ni kitu cha sekunde. Lakini nitamwuliza nini Bwana Radu, mtu aliyefiwa, kwamba hajui kuhesabu? Na mimi, wa darasa la tatu, nimsahihishe? Nikatafuta jibu mwenyewe kama kawaida yangu, na nikalipata, na lilikuwa jibu zuri: kwetu wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa, wanaandikiwa mwaka wa ubatizo. Basi mwaka wa kwanza ni wa ubatizo, Wazungu wa kule wanabatizwa wakubwa. Na mwaka wa pili umekosewa tu, mtu mwenye msiba huandika ovyo, mimi mwenyewe nilipofiwa na mama niliandika tarehe ya harusi. Nikamwambia Byamungu aufute mwaka wa pili kwa wote wanne, aweke mwaka huu. Na kwa kuwa fulana ilionekana kavu, nikaongeza msalaba juu na maneno "Lala salama" chini, kwa Kiswahili, zawadi kutoka kwangu.

"Uko sure, Papa?"

"Nimeshona kabla hujazaliwa."

Siri niliitunza. Nilimwambia mke wangu tu. Mama Espe naye akamwambia dada mmoja wa kanisa tu, amsaidie kulia, na Alhamisi akina mama kumi na saba walikuwa kwangu wanauliza tunapika nini. Maana watoto wao wamefundishwa na yule mama bure, wamzike kama mbwa? Hapana. Nikasema twende, tena twende mapema, wafiwa wasitukute wageni.

Jumamosi tulifika saa saba, magari mawili ya mizigo, akina mama nyuma wamefunga vitenge vya kufanana, sufuria za maharage, mikeka, na wimbo umeanza tangu taa za barabarani za mwisho (hapa tunaziita robot), watu wa mtaani wanasimama wanavua kofia. Mimi suti nyeusi. Mkononi maua meupe ishirini na nne.

Ndani nikachanganyikiwa kwa mara ya kwanza. Kuna maputo. Ya njano, mekundu na ya bluu. Kuna keki ya ghorofa. Wanawake wa Kiromania wamevaa nguo za maua, wanacheka, watoto wanakimbizana. Mama Espe akanivuta koti.

"Baba Espe, hawa wanafurahia nini?"

"Ndivyo wanavyozikana," nikamwambia. "Wanasherehekea maisha ya marehemu." (Niliwahi kusikia kitu kama hicho.)

"Na mbona hakuna anayelia?"

"Basi ndiyo tumeletwa sisi."

Bwana Radu alikuwa juu ya ngazi anafunga puto, akatupungia mkono, akaona akina mama akadhani ni wazazi wa watoto, akafurahi kweli, akapaza sauti tuingie tukae. Masanduku ya fulana nikayaweka chini ya meza yakiwa yamefungwa. Tukakaa kwenye mikeka kando ya ukuta, kama inavyotakiwa. Na hapo ndipo nilipoliona.

Katikati ya ukumbi kuna kitu kirefu, kimefunikwa shuka jeupe mpaka chini. Kirefu! Hatua zangu sita au saba. Byamungu akaninong'oneza: "Papa, jeneza gani hili?" Mimi nikakifikiria, nikapima kwa jicho la fundi, nikapata jibu tena, maana siku hiyo majibu hayakunikosa: ni wanne, wamelazwa kwa mstari, kichwa kwa miguu, walikuwa timu na wanakwenda kama timu. Nilimwona mbele yangu akiwa amekaa kwenye kreti yangu, mgongo umenyooka.

Sikungoja kuitwa. Nikainuka, nikaenda, nikapiga goti, nikaweka maua juu ya shuka upande niliodhani ni wa Mama Domnica. Akina mama nyuma yangu wakashusha wimbo ukawa wa chini. Waromania wakageuka wote wananitazama, vikombe mkononi, nikasema vizuri, sasa wameanza kuhuzunika. Nikaongea kwa Kiingereza changu cha barabarani, kwa sauti.

Nikasema, huyu mama alinikuta kwenye kibaraza. Nikasema, alikuwa na medali ya fedha shingoni na hakuona haya kukaa kwenye kreti. Nikamtaja Tudora na dhahabu yake, Safta na kidole chake, Ruxa na farasi wake, nikasema Romania imepoteza wasichana wanne siku moja na Rosettenville imepoteza mama. Mama Espe akatoa ukelele wa kilio, ule wa kwetu unaoanzia tumboni, na wale kumi na saba wakampokea.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia Mama Domnica. Amechomwa na jua, kofia ya majani kichwani, nyuma yake vikongwe watatu wa Kizungu wameshika zawadi za mbuga ya wanyama, mmoja ana twiga wa mbao. Wiki tatu alikuwa anawatembeza wenzake nchi nzima!

Nawaambia ukweli, akili yangu haikusema "yuko hai." Akili yangu ilisema "basi ndani ya shuka kuna nani?" Nikaligeukia shuka. Akina mama walikatisha kilio kama redio iliyokatiwa umeme, halafu wakapiga kelele nyingine kabisa, Byamungu akatoka kwa dirisha (ukumbi una milango miwili), na Mama Espe akasimama katikati ya sufuria akikemea mapepo kwa jina la Yesu huku kidole amemwelekezea Mama Domnica.

Yeye akaja mpaka nilipopiga goti. Kiswahili kidogo alichonacho amekipata kwa watoto, ndicho alichotumia.

"Fundi. Nani amekufa?"

Nikasema: "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Na hawa."

Akawatazama wenzake. Akanitazama mimi. Bwana Radu, kwa kutaka kuokoa siku, akakimbilia masanduku, akasema kwa furaha ya uongo kwamba fulana zimefika, tuvae fulana, na kabla sijainuka (magoti yangu ni ya mzee) alishaikunjua moja na kuinyanyua juu ili wote waione. Msalaba. Majina. Mwaka huu, mara nne.

Tudora, yule wa dhahabu, alijiona yuko chini ya msalaba akajishika kifua, akaletewa kiti. Bibi mmoja wa Randburg akaenda kwenye maua yangu, nikamwona midomo yake inahesabu, akajifanyia ishara ya msalaba. Baadaye niliambiwa kwao maua ya idadi isiyogawanyika ni ya walio hai, na yanayogawanyika kwa mbili ni ya maiti tu. Ishirini na nne! Hata hilo nilipatia. Radu akalivuta shuka kwa hasira, na chini yake kulikuwa na boriti mpya, ya mbao, ya chini, ya watoto kujifunzia, waliyokuwa wamemnunulia.

"Miaka ile ni ya timu ya taifa!" akaniambia, uso mwekundu. "Mwaka alioingia, mwaka aliotoka! Tulimficha Domnica, tumshtue kwa furaha! Umewazika watu hai, mbele ya watoto!"

Maua yangu yalikuwa yamemwagika chini, nikaanza kuyaokota.

Kulikuwa na mzee mmoja pale, mwenye fimbo, ambaye ndiye hasa aliyekuwa alipe pango, wengine wote walikuwa wanamfuata yeye. Aliwakusanya wajukuu wake taratibu, akamwambia Radu kitu kwa lugha yao, akatoka. Sikuhitaji mkalimani. Mtu wa umri ule, umemwonyesha kilio cha mzee mwenzake aliye hai, unadhani atatia saini kitu? Mmoja mmoja wakamfuata. Keki haikukatwa. Mama Domnica alisimama karibu na boriti akiwahesabu wanavyotoka, na mgongo wake, jamani, ndio mara ya kwanza niliuona umepinda.

Waliobaki ni sisi wa vitenge na vikongwe wanne. Halafu yule Safta akainama akachungulia sufuria, akauliza kwa ishara ni nini, Mama Espe akamwonyesha ni maharage, akatoa kijiko. Wakala. Tudora hakula. Mimi nilikaa kwenye gari mpaka akina mama walipokunja mikeka.

Mwisho wa mwezi ukumbi ulifungwa kweli. Nikafanya tunavyofanya kwetu: nikachukua mzee mwenzangu wa kunisemea, kreti moja ya bia, tukaenda kwake kuomba radhi. Mzee wangu akaanza maneno ya mzunguko, ng'ombe, ukoo, amani. Mama Domnica akamsikiliza mpaka mwisho, maana ana heshima.

"Fundi," akasema, "mimi sinywi bia. Nina watoto thelathini na boriti moja iko kwenye veranda inanyeshewa. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nilipiga, haikupatikana."

"Radu je?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Ulijua kila kitu," akasema. "Kidole cha Safta unakijua. Kuuliza tu ndiko hujui."

Sijatukanwa hivyo tangu kambini, na hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. Njiani mzee wangu akasema tumesamehewa. Nikamwambia hatujasamehewa, wewe huoni. Nikapita moja kwa moja dukani kwangu, nikafungua ghala la nyuma. Humo nilikuwa nimejaza majora ya vitambaa mpaka darini, mengine ya miaka kumi, siuzi, sishoni, napenda tu kuyaona, mtu aliyeanza na sufuria huwa hivyo. Nilimwita Byamungu, tukaanza kuyatoa. Tulitoa siku tatu, nikayauza kwa bei ya kutupa kwa Wamsumbiji.

Kisha nikachukua simu nikampigia Mama Domnica, na nikamwuliza. Nilimwuliza: boriti ina urefu gani? Nilimwuliza: dari inatakiwa iwe juu kiasi gani mtoto asigonge? Nilimwuliza: mikeka ya kuangukia inapatikana wapi? Nilimwuliza maswali mpaka akachoka akasema, "Fundi, inatosha, nakuja."

Alikuja, akachukua futi yangu mwenyewe akapima ghala. Boriti iliingia, ikabaki nafasi ya kiganja kila upande.

Sasa nawaapia, na Mama Espe ni shahidi: sitachapisha tena uso wa mtu yeyote kabla sijauliza kwa mdomo wangu, huyu anapumua au hapumui, nionekane mjinga nisionekane.

Leo nina mashine tisa za kushona, moja ya kuchapisha fulana, na ile ya mkono haijauzwa. Nina gari moja la mizigo. Nina nyumba ya vyumba vinne Rosettenville, imelipwa. Nina kiwanja Kigoma, hakijajengwa. Nina mke, watoto watano, wajukuu wanane. Nina duka lenye ghala nyuma, hati ina jina langu, ila kuanzia saa tisa alasiri, watoto wakishaingia humo na mwalimu wao, hata mimi nabisha hodi, navua viatu, nangoja niitwe.